Kompyuta Isemayo "Saa Nane Asubuhi"

Mwalimu akiandika ubaoni kwamba mtihani utaanza saa mbili asubuhi, darasa zima hapa Bujumbura linaelewa, kwani hata Kirundi huhesabu saa za mchana tangu kunapokucha. Anayejikwaa ni kompyuta.

Tulijaribu programu moja ya mazoezi ambamo mwanafunzi huigiza safari ya basi. Saa ya kwenye skrini ilionyesha 8:00, na sauti ikatamka "saa nane asubuhi". Saa hiyo haipo. Saa nane ni 14:00 mchana au 2:00 usiku. Mwanafunzi anayekariri sentensi hiyo ataachwa na basi la kweli.

Baadhi ya watungaji husema dawa ni kupunguza au kuongeza sita. Hesabu hiyo ni sahihi, ila haitoshi. Kwanza, "saa tatu" peke yake ni 9:00 au 21:00; bila neno asubuhi au usiku haijakamilika. Pia alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni na usiku havilingani na AM na PM. Pili, kuna tarehe. Saa 2:00 usiku ya tarehe 8 Julai, kwa msemaji wetu, ni saa nane usiku wa kuamkia tarehe 8. Programu ikiandika tu "tarehe 8, saa nane usiku", msafiri anaweza kufika kituoni usiku unaofuata.

Wapo wanaodai kuwa saa hii imepitwa na wakati. Hatukubaliani nao. Majira ya Burundi hufuata nyuzi 30 za longitudo mashariki, na Bujumbura iko karibu nazo kabisa, kusini kidogo ya ikweta. Kwa hiyo jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi mwaka mzima, na saa moja ni saa ya kwanza ya mchana kweli. Dar es Salaam, iliyo kwenye nyuzi 39, hufuata majira ya nyuzi 45. Huko jua hufika utosini, kwa wastani, dakika 20 na kitu baada ya saa sita.

Maoni yetu ni haya: mashine ihesabu 0 hadi 23 kwa ndani, na Kiswahili kiingie pale mtumiaji anapoonyeshwa saa. Walimu nao, kabla ya kuipokea programu, waiulize 7:00, 12:00 na 2:00 usiku. Ikikosea moja, isiingie darasani.