Uso Ulioachwa Bila Kuchorwa

Mwaka 1886, huko Giverny, Ufaransa, mchoraji Claude Monet alimchora Suzanne Hoschedé, binti wa mwenzi wake, akiwa amesimama peke yake kwenye mteremko wa nyasi, mwavuli mkononi, skafu ikipeperuka. Alichora picha mbili, katika moja binti ameelekea kulia na katika nyingine kushoto, na zote zimehifadhiwa katika makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris. Ukimtafuta Suzanne macho na midomo, unakuta rangi chache zilizopakwa juujuu tu. Nashikilia kwamba uso huo ni ushahidi wa ufundi uliokomaa.

Wapo watakaosema ni kazi ya haraka iliyoishia njiani. Hebu tulitazame gauni. Ni jeupe, lakini weupe mtupu ndani yake ni haba: kivulini kumeingia samawati na zambarau, na chini ya mwavuli kila kitu kimepata ukijani. Mwenye pupa haoni kwamba kivuli kina rangi, wala harudii kazi ileile kwenye turubai la pili lenye kimo cha zaidi ya mita moja. Kuchora nyuso nako hakukumshinda. Mwaka 1866 picha yake ya Camille, mke wake wa baadaye, akiwa amevaa gauni la kijani ilipokelewa vizuri katika maonyesho rasmi ya Paris. Na mwaka 1887 alimwandikia mhakiki wa sanaa Théodore Duret kwamba anajaribu kuchora watu walio nje kama anavyochora mandhari. Aliacha uso kwa kukusudia.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kumnyima mtu sura ni kumshusha hadhi, awe sawa na kichaka. Lakini utu haukai usoni pekee. Jirani akitokea mbali barabarani, tunamtambua kwa mwendo kabla hatujamwona macho. Suzanne naye yumo katika wima wa mgongo wake na katika mkono ulioukamata mwavuli upepo usiuchukue. Angechorewa kope na midomo, macho yetu yangeganda hapo, na anga, nyasi na upepo vingebaki pambo la nyuma yake. Monet alitaka tumwone akiishi ndani ya saa ile, akipigwa na jua lilelile linalopiga majani. Kwa lengo hilo, kuuacha uso kulihitaji ujuzi mkubwa kuliko kuuchora.