Chumba Kilichochimbwa Uani

Mwalimu mmoja mstaafu wa Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui mkoani Tabora, alitaka kuongeza chumba na baraza. Fundi alianza kwa kuchimba shimo uani. Udongo mweusi wa juu, wenye mizizi na mboji, aliumwaga kwenye bustani ya mchicha. Chini ukatokea mwekundu wenye mchanga. Hakuuamini kwa macho. Aliulowanisha, akaushindilia kwenye kisanduku chembamba cha mbao cha sentimita 60 kilichopakwa oili chafu, akakiweka kivulini. Ulipokauka, akapima kwa rula nafasi uliyoiacha kwa kusinyaa. Udongo unaosinyaa sana hudai saruji nyingi. Huu ulidai kidogo, na mfuko wa mwalimu ukapona.

Baada ya chekecheke, udongo na saruji vilichanganywa vikavu kwa chepeo mpaka rangi ikawa moja. Maji yalinyunyizwa kidogo kidogo. Kila mara fundi alifinya bonge na kuliachia kutoka usawa wa bega. Likitawanyika vumbi, maji hayajatosha. Likibonyea tu, yamezidi. Alilikubali lililopasuka vipande vichache. Msaidizi alikwishasogeza karai kwenye mashine ya kushindilia matofali; akaambiwa asubiri.

Mashine ni ya mkono, ya ukoo wa CINVA-Ram iliyobuniwa Kolombia mwaka 1956. Haihitaji moto, na kwa Tabora hilo si jambo dogo: tofali la kuchoma hula magogo ya miombo, na misitu hiyohiyo inalisha mabani ya tumbaku. Matofali mabichi yalifunikwa kwa nailoni kivulini, yakamwagiliwa wiki nzima, kisha yakaachwa yakomae. Fundi hakuyagusa. Alichimba msingi, akagonga plasta ya ukuta wa zamani kwa kifundo cha kidole, akisikiliza palipo na uwazi.

Kozi ya kwanza ndiyo pekee iliyolazwa juu ya mota ya saruji, na ilimchukua siku nzima kwa kamba na pima maji. Zinazofuata hufungamana zenyewe, kwa hiyo kosa la chini hupanda hadi kwenye lenta. Nilimwona akigonga tofali kwa nyundo ya mpira, akalishika, likacheza kidogo. Akaling'oa, akafuta chembe moja ya mchanga kwa dole gumba, akalirudisha. Likatulia.

Ukuta mpya hakuung'ata kwenye wa zamani. Aliacha ufa mwembamba ulionyooka katikati, kwa kuwa nyumba ya zamani imekwishakaa na mpya bado inajikalisha. Ndani, saa nane mchana, kuna ubaridi. Udongo wa Unyanyembe, eneo la Tabora, una sifa hiyo tangu enzi za misafara: tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi, lilikuwa la udongo.

Wenye nyumba wengi humlipa fundi kwa idadi ya matofali aliyopanga. Ukimlipa huyu hivyo, utamdhulumu: mhesabie na siku alizoyaacha yakomae.