Kununua Kusiko na Milki: Uhakiki wa Mkataba wa Kitabu cha Kielektroniki

Ikisiri

Makala haya yanahakiki uhusiano uliopo baina ya maneno ya mkataba wa kitabu cha kielektroniki na matendo ya programu inayokifungua kitabu hicho. Mfano mkuu ni tukio la Julai 2009, ambapo kampuni ya Amazon ilifuta riwaya mbili za George Orwell kutoka katika vifaa vya wasomaji waliokwisha kuzilipia. Makala yanashikilia kwamba programu iliyofungwa, yaani ile ambayo mtumiaji haruhusiwi kuichunguza wala kuibadili, ni matini ya pili ya mkataba, na kwamba matini hiyo ndiyo yenye nguvu. Mwishoni yanapendekeza maswali ambayo washauri wa sera katika Afrika Mashariki wanapaswa kuyauliza kabla ya vitabu vya aina hiyo kuingizwa shuleni.

1. Utangulizi

Mwaka 1967 East African Publishing House ya Nairobi ilitoa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya riwaya ya Orwell iitwayo Animal Farm. Shirika hilo lilikwisha kufunga milango yake zamani, lakini nakala zake hazikufungwa pamoja nalo. Aliyeinunua mojawapo na kuitunza anaweza kuisoma leo, kumwazima jirani, kumrithisha mwanawe au kumuuzia muuza vitabu vikuukuu wa kando ya barabara. Hakuna afisa wa Nairobi aliyewahi kuwa na uwezo wa kunyoosha mkono hadi Bukoba au Kampala na kuitoa nakala hiyo rafuni usiku.

Kwa kitabu cha kielektroniki uwezo huo upo. Mwezi Julai 2009 wasomaji wa Marekani waliokuwa wamenunua Animal Farm na Nineteen Eighty-Four kwa ajili ya kifaa cha Kindle waligundua kwamba vitabu hivyo havimo tena. Amazon, iliyouza kifaa na vitabu pia, ilikuwa imetuma amri kwa njia ya mtandao. Programu ya kifaa ikaitii, na fedha zikarudishwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa na msingi: aliyeviweka vitabu hivyo dukani hakuwa na haki ya kuvichapisha nchini Marekani.

Wengi waliolizungumzia tukio hilo waliishia kwenye kinaya chake: kitabu kinachosimulia serikali inayofuta kumbukumbu kimefutwa chenyewe. Kinaya hicho kinavutia, ila kinatupoteza njia. Kama kilichofutwa kingekuwa kitabu cha mapishi, msomaji angekuwa ametendewa vilevile, isipokuwa dunia isingesikia. Swali la makala haya ni jingine: msomaji aliahidiwa nini, na ahadi hiyo ilitanguliwa na matini ipi?

2. Matini mbili za mkataba mmoja

Mkataba wa Kindle uliokuwa ukitumika wakati huo ulimpa mnunuzi haki ya kubaki na nakala ya kudumu ya kitabu na kukisoma mara nyingi apendavyo. Hii ni hoja muhimu, kwa sababu watetezi wa kampuni za programu huwalaumu watumiaji kwa kukubali masharti wasiyoyasoma. Hapa aliyesoma na asiyesoma walikuwa sawa. Hata msomaji makini ambaye angeupitia mkataba hadi mstari wa mwisho angetoka na ahadi ya nakala ya kudumu.

Kilichoamua mambo hakikuwa mkataba huo. Ndani ya kifaa mlikuwa na matini nyingine, iliyoandikwa kwa lugha ya mashine, ambayo ilisema kwamba amri ya kufuta ikitoka kwa kampuni itekelezwe bila mwenye kifaa kuulizwa. Matini ya kwanza husomeka, hujadiliwa, hutafsiriwa na huweza kupelekwa mahakamani. Ya pili haionekani: msimbo wake ni siri ya kampuni, na masharti ya leseni humkataza mtumiaji kuuchunguza. Hujulikana kwa matendo yake tu, tena baada ya kutenda. Matini hizi mbili zinapogongana, ya pili hushinda papo hapo, na anayetaka kuitetea ya kwanza lazima atafute wakili.

Tulinganishe na duka la kawaida. Muuza vitabu akiuza nakala zilizochapishwa bila idhini, mwenye haki humshtaki. Mahakama inaweza kuamuru bidhaa iliyobaki iteketezwe na fidia ilipwe. Wanunuzi, ambao hawakutenda kosa, hawabishiwi hodi nyumbani. Katika tukio la 2009 muuzaji mwenyewe alipokea lalamiko, akatoa hukumu na kuitekeleza ndani ya nyumba za watu ambao hawakuitwa shaurini. Kosa la hakimiliki lilikuwa kweli, lakini ukweli huo haukumpa muuzaji ruhusa ya kuingia nyumbani kwa mnunuzi. Kilichompa ni programu.

3. Pambizo bila kitabu

Miongoni mwa waliopoteza vitabu alikuwamo mwanafunzi wa sekondari wa jimbo la Michigan aliyekuwa akisoma Nineteen Eighty-Four kwa kazi ya shule. Alikuwa ameandika maelezo yake kando ya maandishi, kama tufanyavyo sote kwa penseli. Katika mashtaka aliyofungua dhidi ya kampuni alieleza kwamba maelezo hayo hayakufutwa. Yalibaki katika faili lake peke yake, yakirejelea aya ambazo hazikuwapo.

Kwa mhakiki wa fasihi, hasara hii ni kubwa kuliko bei ya kitabu. Maelezo ya pambizoni hayana maana nje ya matini yanayoizungumzia. Neno “zingatia” lililoandikwa mkabala na aya fulani ni kazi ya akili. Likiondolewa aya yake, halimwelekezi msomaji popote. Kampuni ilirudisha fedha ilizopokea, lakini kazi ya msomaji haikuwamo katika hesabu.

Miaka 10 baadaye kazi hiyo iliwekewa bei. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki, na vitabu vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Wanunuzi walirudishiwa fedha zote. Waliokuwa wameandika maelezo ndani ya vitabu vyao waliongezewa salio la dola 25. Haikuwa dhuluma ya kificho: kampuni ilitangaza mapema na ikalipa. Hata hivyo tukio hili linafundisha kuliko lile la kwanza, maana hapakuwa na aliyekiuka hakimiliki. Kampuni ilibadili mpango wa biashara, na maktaba za watu zikafungwa. Ndipo inapoonekana tofauti na Shamba la Wanyama: huko mchapishaji alitoweka na kitabu kikabaki, hapa muuzaji amebaki na kitabu kimetoweka.

4. Maneno matatu: nunua, leseni, nakubali

Kiswahili kina msamiati ulio wazi wa namna kitu kinavyoshikwa. Anayenunua huwa mwenye kitu. Anayekodi hulipia muda. Anayeazima hurudisha kitu kilekile, na anayekopa hurudisha thamani yake. Mzungumzaji hazichanganyi hali hizi sokoni, na akizichanganya atagombana na watu. Kwa vigezo hivi, kitendo kinachofanywa na mtu anayebonyeza kitufe cha “Nunua” katika duka la vitabu vya namna hii si kununua. Hawezi kukiuza kitabu, wala kumrithisha mtu kwa uhuru, wala kukizuia kisiondoke. Ni ukodishaji usiotajwa muda wake, na mwenye kuujua muda huo ni mwenye nyumba tu.

Neno la pili ni “leseni”. Katika matumizi yetu ya kila siku leseni hutolewa na mamlaka ya umma: leseni ya udereva, ya biashara, ya uvuvi. Nyuma yake kuna sheria iliyopitishwa, na mwombaji anaweza kukata rufaa. Kampuni inapolitumia neno hili kwa mteja wake hujivika joho la mamlaka bila kubeba wajibu wa mamlaka. Mikataba ya baadaye ya Kindle inaeleza kwamba kitabu hakiuzwi bali hutolewa kwa leseni. Maelezo hayo yana unyofu zaidi kuliko ahadi ya nakala ya kudumu, lakini awali yalikaa ndani ya mkataba, mbali na kitufe.

La tatu ni “Nakubali”. Ridhaa, kwa maana ya kisheria na ya kawaida, huhitaji mtu ajue anachoridhia na aweze kukikataa. Mtumiaji wa programu iliyofungwa hawezi kujua matini ya pili inasema nini, na akikataa hupoteza matumizi ya kifaa alichokwisha kukilipia. Kinachopatikana hapo ni kusalimu amri.

5. Uwezo na nia

Inaweza kupingwa kwamba mambo haya yalikwisha kurekebishwa. Jeff Bezos, aliyekuwa mkuu wa Amazon, aliomba radhi hadharani mwezi huohuo wa Julai. Kampuni ilijitolea kurudisha vitabu pamoja na maelezo ya wasomaji. Katika mapatano ya Septemba 2009 ilikubali kulipa dola 150,000 za mawakili na kuahidi kutofuta vitabu katika vifaa vilivyoko Marekani, isipokuwa kwa hali zilizotajwa, kama vile ridhaa ya mtumiaji, malipo kurudishwa, amri ya mahakama, au kujikinga na programu hasidi.

Radhi hiyo inastahili kupokelewa. Ila tutenganishe nia na uwezo. Ahadi iliifunga nia ya kampuni moja katika nchi moja. Uwezo wa kufuta ulibaki ndani ya kifaa kama ulivyokuwa. Nia hubadilika uongozi unapobadilika, kampuni inapouzwa au serikali inaposhinikiza. Mwezi Februari 2025 Amazon iliondoa njia iliyomruhusu mnunuzi kupakua kitabu chake kwenye kompyuta na kukihamishia kifaani kwa waya. Hakuna kitabu kilichofutwa siku hiyo, lakini msomaji alipungukiwa na njia ya kuwa na nakala iliyo mkononi mwake.

Hapa ndipo Orwell anapotusaidia bila kinaya. Katika Animal Farm amri zilizoandikwa ukutani hubadilishwa usiku, na wanyama wanaodhani wanakumbuka maneno mengine hawana nakala ya kulinganisha. Udhaifu wao haukuanza siku amri zilipobadilishwa. Ulikuwapo tangu siku walipokubali kwamba ukuta uwe mmoja na mwenye kushika rangi awe mwingine.

Sheria nayo imeanza kuligusa neno. Jimbo la California lilipitisha mwaka 2024 sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayomzuia muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno la kununua bila kumweleza mteja kwamba anapata leseni tu. Ni hatua njema kwa lugha. Inamwambia msomaji ukweli kuhusu hali yake, ingawa haimpi milki.

6. Yanayotuhusu

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi kwa mujibu wa uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Katika nchi ambazo Kiswahili kinaingia madarasani kwa kasi kuliko vitabu vyake, kitabu cha kielektroniki ni kishawishi cha haki: hakisafirishwi kwa lori wala hakiliwi na mchwa. Makala haya hayakipingi. Yanapinga kukinunua kwa mkataba ambao matini yake ya pili haijulikani.

Sheria za kulinda taarifa binafsi zipo: Kenya na Uganda tangu 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Zinauliza nani anashika habari za mtumiaji. Hazikutungwa ili kuuliza nani anashika kitabu chake. Pengo hilo linaweza kuzibwa katika mikataba ya ununuzi wa umma, kwa maswali manne. Kwanza, mkataba ukiisha au kampuni ikifungwa, je, kitabu kitaendelea kufunguka? Pili, nani anaweza kukifuta au kukibadili kutoka mbali, kwa amri ya nani, na je, shule itapewa taarifa kabla? Tatu, je, maelezo ya mwalimu na mwanafunzi yanaweza kutolewa pamoja na matini yake na kuhifadhiwa kwingine? Nne, je, wataalamu wetu wanaruhusiwa kuichunguza programu yenyewe?

Swali la nne si ndoto. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Wataalamu waliweza kuweka maneno yetu kwenye vitufe kwa sababu msimbo wa programu mama ulikuwa huria. Uwazi peke yake hautoshi, maana msimbo usio na wa kuusoma ni sawa na kitabu katika kijiji kisicho na shule. Lakini panapokuwa na uwazi, mafunzo yana mahali pa kuanzia.

7. Hitimisho

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msomaji wa kitabu cha kielektroniki kilichofungwa ana mali ambayo daftari lake limo mikononi mwa muuzaji, nalo limeandikwa kwa lugha ambayo mwenye mali amekatazwa kuisoma. Wajibu wa wanasheria na wanasera ni kulidai daftari hilo. Wajibu wetu sisi wa lugha ni mdogo lakini hauwezi kufanywa na wengine: tunapoombwa kutafsiri kitufe, tuseme “Kodi” pale panapokodishwa, na neno “Nunua” tulihifadhi kwa kitabu ambacho mwanafunzi ataweza kukifungua hata baada ya muuzaji kuondoka.