Mpime Mwandishi wa Kiingereza kwa Viunganishi Vyake

Ukitaka kujua uwezo wa anayeandika Kiingereza, acha kwanza msamiati wake. Tazama anavyotoka sentensi moja kwenda nyingine. Ziba kiunganishi kwa kidole, kisha soma upya. Ikiwa maana haikupungua, neno lile lilikuwa pambo. Ukibaki unajiuliza hoja ya pili imetokea wapi, lilikuwa kazini.

"Therefore" huwaumbua wengi, maana linaahidi kwamba jambo la kwanza ndilo lililozaa la pili. Mtu akiandika kuwa mvua ilinyesha mno, "therefore" mavuno yakawa haba, mdai sababu: miche ilisombwa, au mizizi ilioza? Kiunganishi hakiwezi kujenga hoja ambayo mwenyewe hakuijenga.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni mahali "however" lilipokaa. "However, the roof was sound" hupinga yote yaliyotangulia. "The roof, however, was sound" hulitenga paa peke yake: kuta zimepasuka, milango imeoza, paa ni zima. William Strunk, katika The Elements of Style ya mwaka 1918, alikataza neno hilo kutangulia sentensi kwa maana ya "hata hivyo". Naona alikaza mno, ila jicho lake lilikuwa kali: "however" likiingia ndani ya sentensi, huelekeza mkazo kwenye neno lililo kabla yake. Mwandishi anayeijua tofauti hiyo nitamsoma hadi mwisho.

Usimhukumu anayeanza sentensi kwa "And" au "But", hata kama mwalimu alikukataza. Katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, aya 29 kati ya 31 za sura ya kwanza ya Mwanzo huanza na "And", na masimulizi hayakwami popote.

Tilia shaka insha iliyopangwa kwa "Firstly", "Secondly", "In addition". Wanafunzi wetu hukaririshwa orodha hizi kwa ajili ya mtihani, na inasikitisha, kwa sababu wanajifunza kupanga aya bila kuuliza zinahusianaje. Badilisha nafasi za aya ya pili na ya tatu. Kama hakuna kilichoharibika, uhusiano haukuwapo.

Kazi bora huwa na viunganishi vichache, kwa kuwa sentensi huanzia pale ile ya kabla yake ilipoishia. "In March the traders lost their ferry. The loss ruined three of them." Neno "loss" limebeba tukio zima na kulivusha. Sasa tia "As a result" mwanzoni mwa sentensi ya pili, usome kwa sauti, usikie inavyolemewa.