Kusahau Kama Kazi ya Jamii: Nadharia ya Bartlett na Masimulizi ya Waluo

Katika taaluma ya fasihi simulizi imezoeleka kuuhesabu usahaulifu wa msimulizi kuwa dosari: kilichopotea kimepotea, na kazi ya mtafiti ni kuokoa kilichosalia. F. C. Bartlett, katika kitabu chake Remembering (1932), aliupinga mtazamo huo. Aliwapa wasomaji wa Kiingereza hadithi ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, kisha akawataka waisimulie upya mara kwa mara. Mtumbwi ukageuka mashua; habari za mizimu zikaachwa, au zikatafutiwa sababu. Kwa hiyo, kukumbuka si kufungua ghala, bali ni kuunda upya kwa kufuata mazoea ya mkumbukaji.

Hoja hiyo ni nzito, lakini ina upungufu. Wasomaji wale hawakuwa na hadhira ya kuwasahihisha, wala hawakupata hasara yoyote kwa kuisahau hadithi ile.

Yatazamwe masimulizi ya Waluo wa pande za Rodi Kopany, mahali zinapokutana barabara za Homa Bay, Rongo na Ndhiwa. Huko nasaba si pambo la mazungumzo, bali ni hoja ya ardhi. Kimila, wuon lowo, yaani mwenye ardhi, hutofautishwa na jadak, mgeni aliyekaribishwa kukaa na kulima. Vizazi vikipita, ukoo wa mgeni una sababu ya kuusahau ukaribisho ule, na ukoo wa mwenyeji una sababu ya kuukumbuka. Hapa kusahau kuna mdai na mdaiwa.

Kinyume chake ni ngano za Gor Mahia, mganga mashuhuri wa Kanyamwa, ambaye klabu ya kandanda iliyoundwa mwaka 1968 ilipewa jina lake. Anayesema kwamba Gor aligeuka mnyama huyu badala ya yule hamnyang'anyi mtu shamba. Ngano za namna hiyo zaweza kubadilika kama alivyoeleza Bartlett. Nasaba hubadilika kwa mvutano.

Goody na Watt (1963) walionyesha kwamba huko Gonja, nchini Ghana, wana saba wa mwasisi wa dola walikuwa watano baada ya miaka kama 60, kwa kuwa majimbo mawili yalikuwa yametoweka. Mfano huo waonyesha jamii nzima ikisahau kwa pamoja. Penye wuon lowo na jadak, hata hivyo, jamii haisahau kwa kauli moja.

B. A. Ogot, katika History of the Southern Luo (1967), alithibitisha kwamba historia yaweza kujengwa juu ya masimulizi ya mdomo. Linalowabakia watafiti ni kuandika pia nani alikuwapo masimulizi yalipotolewa, nani alipinga, na nani alinyamaza. Nasaba iliyochapwa bila pingamizi zake si kumbukumbu ya jamii. Ni ushindi wa upande mmoja.