Jamani, huu mstari!

Ninayo picha mkononi sasa hivi na siwezi kuiweka chini. Dada mwenye joho la mahafali, urefu wa kiganja na nusu, amesimama peke yake juu ya kibao cha MDF. Hana fremu, hana ukuta nyuma yake, hana lile pazia la studio lenye maporomoko ya maji. Leza imemfuata umbo lake, kutoka kishada cha kofia ikashuka sikio, bega, kiwiko, pindo la joho hadi kisigino, na kumzunguka kote imeacha ukingo mweupe wa milimita tatu, sawa kila mahali. Kila mahali! Nimepitisha ukucha nikitafuta kona iliyochakaa, sijaipata.

Karakana iko Kihonda, Morogoro, upande wa Magorofani: chumba kimoja, mashine ya leza, printa, na feni inayosukuma moshi nje dirishani. Niliingia kwa udadisi tu, nikatoka sijielewi.

Mashine yenyewe si habari. Leza ya kaboni dioksidi ilibuniwa na Kumar Patel katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1964, na leo sanduku la Kichina la wati 40 linakaa juu ya meza ya kawaida. Habari ni mstari. Leza haioni picha, haijui pua wala kofia. Inachotaka ni njia moja iliyofungwa, inayoanzia mahali na kurudi palepale, na kwa muda mrefu njia hiyo ilikuwa ikichorwa kwa mkono: unakuza picha hadi mtu anageuka miraba, unabofya, unavuta, unabofya tena, shingo, sikio, vidole vitano vya mkono wa kushoto. Bibi harusi mwenye shela alikuwa kazi ya usiku mzima. Ndiyo maana mafundi wengi waliishia kukata moyo au duara kuzunguka picha, kisha wakamwambia mteja kwamba hiyo ndiyo fasheni.

Sasa sikieni.

Fundi anafungua rembg, programu ya bure iliyoandikwa na Daniel Gatis. Ina kazi moja tu, kumtenganisha mtu na kilicho nyuma yake. Kwa kawaida hutumia U²-Net, mtandao wa neva ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliutoa mwaka 2020. Mara ya kwanza inapakua faili la takriban MB 176. Baada ya hapo inafanya kazi ndani ya kompyuta yako, bando liwepo lisiwepo. Kwangu hilo peke yake lingetosha kuipa nyota. Zipo huduma za mtandaoni pia. Maarufu zaidi ni remove.bg, iliyoanza Austria mwaka 2018 na tangu 2021 iko chini ya Canva, nayo ni hodari kwelikweli. Ila huko picha inapanda kwanza kwenye seva za watu, na picha zinazoletwa karakana kama hii mara nyingi ni za watoto. Mimi ningependa zibaki Kihonda.

Halafu ukaja ule ujanja ulionifanya nipige kelele. Nilidhani fundi angechukua picha iliyosafishwa, yenye rangi zake zote, aipeleke moja kwa moja kwenye programu ya kuchora ya Inkscape. Hakuigusa. Aliiamuru rembg impe kivuli tu: mtu mweupe pe, kwingine kote kweusi ti. Nikauliza kwa nini. Hakujibu, akafungua picha ya mzee aliyevaa kanzu, akaipitisha kwa njia niliyoitarajia mimi. Kikatoka kichwa, mikono miwili na kandambili. Katikati hakuna kitu! Kumbe kompyuta ikiambiwa ifuate ukingo kwa kupima mwanga na giza, kanzu nyeupe inahesabiwa kuwa ni hewa. Shela, shati la sare ya shule, gauni la ubatizo, yote yanatoboka hivyohivyo. Kivuli hakina nguo wala rangi ya ngozi. Kina ndani na nje, basi.

Inkscape nayo ni ya bure, ipo tangu 2003, na ndani yake imebeba Potrace, kazi ya Peter Selinger, inayogeuza ngazi-ngazi za vipikseli kuwa mikunjo laini. Kwa kuwa mtu wetu ni mweupe, unaiambia igeuze rangi kwanza, la sivyo itakuchorea umbo la mandhari badala ya umbo la mtu. Kisha unapunguza nukta za mstari, kwa sababu mstari wenye nukta nyingi mno unaifanya leza isitesite na kuunguza kingo. Punguza mara moja tu. Ukizidisha, vidole vinageuka glavu.

Na bado hujafika. Mstari unaombana mtu kwenye ngozi haukatiki vizuri: karatasi yenye picha ikihama nusu milimita, upande mmoja unabaki utepe wa mandhari na upande wa pili sikio limenyofoka. Kishada cha kofia nacho ni uzi mtupu, ukikikata kilivyo kitavunjika kabla mwenyewe hajafika nyumbani. Kwa hiyo mstari unasukumwa nje milimita tatu. Hapo nilikuwa tayari kuondoka nimeridhika, lakini fundi hakusukuma tatu. Alisukuma tano, halafu akarudisha ndani mbili. Nikamtazama kama hajui hesabu. Jumla si ni ileile tatu? Ndiyo, ila angalia skrini: ulipokwenda nje tano, kila mwanya mwembamba kuliko sentimita moja ulijifunga, na ukirudi ndani mbili haufunguki tena. Nafasi kati ya vidole imekwisha. Ufa kati ya kishada na shavu umekwisha. Kona za ndani, ambazo ndizo zinazovunjika, zimekuwa mviringo. Milimita tano, milimita mbili. Nilicheka kwa sauti peke yangu mle ndani.

Mianya mikubwa inabaki, na hapo kompyuta haiamui, anaamua mwenye picha. Mama wa yule dada wa joho, aliyemaliza Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), aliingia wakati faili bado liko kwenye skrini.

"Shikamoo mama," fundi akasimama.

"Marahaba mwanangu. Hilo tundu hapo kiunoni la nini?"

"Ameshika kiuno, mama. Hiyo ni nafasi ya mkono. Nikiiacha itakatwa, ukuta utaonekana kupitia hapo. Nikiiziba itabaki nyeupe."

"Ziba. Waje waseme mwanangu ametobolewa?"

Akabofya mara moja, tundu likapotea. Mimi ningeliacha, mkono unapata uhai hewa ikipita. Lakini mimi sikumlipia mtu ada ya chuo.

Kuoanisha karatasi na mstari ni kazi ya programu ya LightBurn. Hii inauzwa, ingawa unaruhusiwa kuijaribu siku 30 kabla ya kulipa, na kusema kweli kwa jambo hili moja inastahili. Picha inachapwa ikiwa na misalaba miwili midogo kwenye pembe zinazotazamana. Karatasi inagandishwa kwenye MDF, ubao unawekwa ndani ya mashine vyovyote vile, hata ukiwa umekaa upogo. Unasogeza nukta nyekundu hadi katikati ya msalaba wa kwanza, unathibitisha. Unaenda wa pili, unathibitisha. Na programu inauzungusha mstari wote ulingane na jinsi ubao ulivyolala. Hakuna kupima kwa rula! Kabla ya kukata, fundi alifunika uso wa picha kwa selotepu ya karatasi, maana moshi una tabia ya kuweka madoa ya njano kwenye ukingo mweupe. Matundu hukatwa kwanza, ukingo wa nje mwisho, kwa sababu ukingo ukishakatika kipande kinaweza kuhama au kudondoka. Kibao cha chini kina mfereji, na chini ya visigino mstari unaongezewa ulimi unaoingia humo. Pima unene wa ubao kwa kalipa badala ya kuamini maandishi ya dukani, na kumbuka leza yenyewe inakula sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Ulimi wetu uliingia kwa kusukuma na kidole gumba, bila gundi. Nimeutoa na kuurudisha mara nyingi kuliko heshima inavyoruhusu.

Ngoja nitulie kidogo, maana kuna jambo la hatari. Mabango mengi mjini hutengenezwa kwa zile bodi nyeupe laini za PVC ambazo watu huziita foreksi, na stika nyingi za printa kubwa nazo ni za PVC. Zinakatika vizuri kwa kisu. Usizitie kwenye leza kamwe. PVC ikiungua inatoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inayochoma mapafu ya fundi na kutia kutu vyuma vya mashine. Tumia MDF, plaiwudi au akriliki, na picha ichapwe kwenye karatasi. Mwenye mashine ndogo ya leza ya bluu naye ajue kwamba mwanga wake unapenya akriliki angavu bila kuikata. Hiyo ni kazi ya kaboni dioksidi.

Je, inaweza vitu visivyo watu? Nikatoa picha ya Uluguru niliyopiga kutoka hapahapa Kihonda asubuhi, kabla mawingu hayajaushika mlima. Rembg ilipotea kidogo, ikaung'ang'ania mwembe ulio mbele, na si kosa lake, maana mlima si kitu kilichosimama mbele ya kingine. Tukaiacha rembg, tukafuata mwanga na giza: anga jeupe, mlima mweusi, mstari ukatoka safi kabisa. Ila minara ya mawasiliano juu ya kilele cha Bondwa ilifutika tulipopunguza nukta, nikaomba irudishwe kwa mkono, minene kuliko ilivyo, ili isivunjike. Kinyonga wa pembe tatu je, wale wa misitu ya milimani? Kijani juu ya kijani. Programu ikakata jani na kumwacha kinyonga. Tulimpaka wenyewe kwa brashi juu ya kivuli, mkia na pembe zote, kisha tano nje, mbili ndani. Akatoka mnyama mzima, mkia umejikunja na hauvunjiki!

Nywele ndizo bado. Afro iliyochanwa vizuri inatoka kama wingu zuri, lakini rasta zinazoning'inia zinameguka vipandevipande, na ule ujanja wa tano na mbili unaziunganisha kuwa shuka moja jeupe nyuma ya mgongo. Inakubalika. Haipendezi sana.

Na fikirieni soko. Treni ya SGR imekuwa ikibeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tangu Juni 2024, na stesheni yake iko Kihonda hukuhuku. Mlima wenye minara yake, kinyonga wa pembe tatu, tembo wa Mikumi: vitu vya ukubwa wa kuingia kwenye mkoba, vilivyokatwa mtaa wa pili. Hao wanafunzi wa VETA Kihonda wanasubiri nini?

Ushauri wangu kwa mafundi: msitoze kwa ukubwa wa ubao, tozeni kwa urefu wa mstari. Leza inatembea mstari, haitembei eneo, na familia ya watu sita walioshikana mabega ni mstari mrefu kuliko mnavyodhani.

Na ninyi wateja, tafadhali, nawaomba sana, njooni na picha yenye miguu. Nusu ya picha zilizokuwa kwenye ile kompyuta zimekatwa magotini na mpigaji, na hakuna programu, ya bure wala ya kulipia, itakayojua mlivaa viatu gani siku ile.