Ngumi ya Mugabi: ushahidi uko kwenye pambano alilopoteza

Kwenye vilabu vya mbege vya Kibosho, kata ikishazunguka mara mbili, ubishi wa masumbwi hauchelewi kuanza: nani mwenye ngumi nzito kuliko wote Afrika Mashariki? Vijana wanamtaja Hassan Mwakinyo wa Tanga. Wazee wanapanda Kampala kumfuata John Mugabi, aliyepachikwa jina la Mnyama. Hoja yao ni fupi: mangi, kabla ya bingwa Marvin Hagler, kila aliyepanda ulingoni na Mugabi katika ngumi za kulipwa alipigwa KO au alisimamishiwa pambano. Hakuna aliyeisikia kengele ya mwisho.

Ni kweli, lakini hoja hiyo peke yake hainitoshi. Rekodi ya KO inamweleza mpigaji, na inawaeleza pia waliopigwa na sheria walizopigwa nazo. Ubishi huu ndio wanaobishana wapenzi wa mabingwa wa kale wa uzito wa juu. Wao ngao yao ni Jack Dempsey, ambaye tarehe 4 Julai 1919, mjini Toledo, Marekani, alimwangusha Jess Willard mara 7 katika raundi ya kwanza, huku Willard akimzidi kilo zaidi ya 20. Namba hiyo inatisha mpaka uitazame filamu yenyewe. Dempsey haendi kona ya mbali. Anabaki pembeni ya Willard, anasubiri goti liachane na sakafu, anapiga tena. Wakati ule ilikuwa ruksa. Mwaka 1927, mjini Chicago, sheria ya kona ikiwapo, alimwangusha Gene Tunney akasitasita kwenda konani. Mwamuzi hakuanza kuhesabu mpaka alipokwenda. Tunney akapata sekunde za bure, akainuka na kushinda kwa pointi. Ngumi ya Dempsey ilikuwa nzito, sibishi, lakini zile mara 7 haziwezi kuwa mizani yake.

Turudi kwa Mugabi. Mwaka 1980 alitwaa medali ya fedha ya Olimpiki mjini Moscow, akafungwa fainali na Andrés Aldama wa Cuba, kisha akaingia ngumi za kulipwa chini ya promota Mickey Duff wa London. Mwaka 1984 alimmaliza Curtis Parker raundi ya kwanza. Parker hakuwa mtu wa kuokotwa njiani, na ushindi ule ndio uliowafanya Wamarekani wakae mkao wa kusikiliza. Mwaka huohuo James Green alimfikisha raundi ya 10 kabla ya kusimamishwa. Hapo palikuwa na dokezo, ila wengi walilipita.

Dokezo lilikuwa miguuni. Mugabi alipiga ngumi za kuzungusha, kulia na kushoto, pamoja na ile inayotoka chini kupanda kidevuni, na zote zilihitaji apande visigino chini kwanza, azungushe kiuno, ndipo mkono ufuate. Anayepasua kuni shambani Kibosho anajua: ukisimama vibaya kwenye mteremko, shoka halipasui hata kama mikono ni ya chuma. Sasa, mtu anayehitaji kujipanga ndipo apige, dawa yake ni kumnyima nafasi ya kujipanga.

Hagler alilijua hilo. Walikutana Caesars Palace, Las Vegas, tarehe 10 Machi 1986, baada ya pambano kuahirishwa kutoka mwaka uliotangulia kwa sababu Hagler aliumia. Mugabi alikuwa amepanda kutoka uzito wa kilo 69.9 kwenda kilo 72.6. Chini ya mwaka mmoja kabla, Hagler alimvamia Thomas Hearns tangu kengele ya kwanza na kummaliza raundi ya 3. Kwa Mugabi hakuthubutu. Raundi za mwanzo alifanya kazi na mkono wa mbele, akampigia hesabu Mganda, na bado alizila ngumi nzito hadi jicho likavimba. Raundi ya 6 ndiyo ya kurudia ukiwa na simu mkononi. Hagler anamwaga ngumi mfululizo, Mugabi anayumba, unadhani ameisha. Haanguki, na bado anajibu. Lakini tazama mabega yake baada ya hapo: ngumi zinaanza kutoka mkononi tu, kiuno kimelala. Raundi ya 11 mfululizo wa ngumi za kulia ukamkalisha chini, akahesabiwa mpaka mwisho.

Kwangu mimi hapo ndipo uzito wa ngumi ya Mugabi unapothibitika, kuliko kwa wote waliolala raundi ya kwanza. Bingwa aliyemtembelea Hearns kifua mbele aliona heri ajizuie. Bondia hampi mwenzake heshima ya namna hiyo kwa kusoma rekodi. Ameionja.

Yaliyofuata yanawapa nguvu wapinzani wake, na sitayaficha. Desemba 1986 alishindwa na Duane Thomas raundi ya 3, jicho likiwa limeumia. Mkanda wa dunia wa WBC aliupata Julai 1989 nchini Ufaransa, raundi ya kwanza, lakini René Jacquot aliteguka kifundo cha mguu. Yaani mpigaji mkubwa kuliko wote Afrika Mashariki alipata ubingwa bila ngumi yake kuamua jambo! Machi 1990 Terry Norris akamlaza raundi ya kwanza, na mwaka 1991 Gerald McClellan akafanya vivyo hivyo mjini London.

Vijana wa Mwakinyo nao wana karata yao: Septemba 2018, Birmingham, alimsimamisha Sam Eggington raundi ya 2, ugenini, mbele ya mashabiki wa mwenyeji. Ila pale silaha ilikuwa kasi, ngumi nyingi zilizomfikia Eggington kabla hajatulia, hadi mwamuzi akaingilia. Hiyo ni sifa kubwa, tena pengine inadumu zaidi. Wazee wa Kibosho hawabishani kuhusu kasi.